Fundi wa Lifti Aliyebaki

Mkataba ulipokwisha, mafundi wenzake walifunga mabegi, wakapeana mikono na walinzi, wakapanda ndege kurudi kwao. Yeye alibaki. Kampuni iliyowaleta ugenini kufunga lifti kwenye maghorofa mapya ilikuwa imefungasha virago, na jambo moja lilikuwa likimnyima raha: mji mzima ulikuwa unafunga lifti, na hakuna aliyezitengeneza zikiharibika.

Akaungana na Waya, fundi umeme mwenyeji, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo. Wakapanga chumba nyuma ya duka la rangi, wakasajili biashara, wakatundika kibao. Mkewe, aliyebaki kwao na binti yao, alimwambia kwenye simu, "Haya, mume wangu, jaribu. Lakini shule zikifungwa uwe umejua moja. Mimi si mjane."

Alipokuwa akivaa kofia ya kampuni, wenye majengo walimwita mhandisi na kumvutia kiti. Sasa wale wale walimpokea wakiwa wamesimama mlangoni.

"Kampuni yenu ina ofisi nchi gani nyingine?" mmoja akamuuliza.

"Hapa tu."

"Ahaa. Tutakupigia."

Simu haikulia. Kukaa hakuweza. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa, akapanga spana kwa ukubwa, akazipanga upya, akatoka kuangalia kama kibao bado kipo.

"Bwana wee," Waya akamwambia, "ukiendelea hivi utatoboa sakafu, na wala si yetu."

Kazi ya kwanza aliwapa msimamizi wa jengo moja refu la kupangisha. Hakuwapa kwa kuwaamini; alichoka tu kusemwa na wapangaji. Lifti yake ilikuwa imekufa miaka mingi, ndani mmejaa mafagio, ndoo na godoro la mlinzi. Wakaisafisha, wakabadilisha kamba za chuma, wakafumua breki, wakasuka nyaya upya. Siku ilipopanda na kushuka bila kelele, fundi alifungua mlango meno yote nje.

"Karibuni!"

Hakuingia mtu. Wapangaji walimtazama, wakabeba vikapu vyao, wakashika ngazi.

"Wanamsubiri mshonaji," msimamizi akanong'ona. Mshonaji, mama wa makamo aliyekaa ghorofa ya juu kabisa, ndiye aliyekwama humo siku lifti ilipokufa. Alitolewa amezirai. Tangu hapo majora yake ya vitambaa hupanda kwa ngazi, na asipoingia yeye, haingii mtu.

Fundi akamsubiri hapo chini mpaka alipopita.

"Mama, ni salama. Nimeitengeneza mwenyewe."

"Hata walioifunga walisema hivyo, mwanangu, na walikuwa na vitambulisho shingoni. Mimi nauliza, ikikwama, natokaje?"

"Nitakwama mimi," fundi akasema. "Wewe panda ghorofa ya pili, simama mlangoni usikie."

Akaingia. Alipofika karibu na ghorofa hiyo, Waya, aliyekuwa juu kwenye chumba cha mota, akakata umeme. Giza likamwangukia. Breki ikauma, lifti ikatikisika, ikatulia. Walikuwa wamepanga Waya azungushe gurudumu la mkono, aisogeze taratibu hadi mlangoni. Gurudumu likagoma.

"Subiri kidogo!" sauti ya Waya ikashuka kwa mbali. "Limekaza!"

Fundi akageuka atembee. Hatua moja tu, ukuta. Akageuka tena, ukuta.

"Mwanangu, upo?" mshonaji akaita nje ya mlango.

"Nipo, mama."

"Unaogopa?"

"Breki imeshika. Haiwezi kuanguka."

"Sikukuuliza habari za breki."

Akacheka bila kupenda. "Naogopa. Lakini si lifti."

Na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, akamwambia: binti yake alivyojificha nyuma ya mama yake alipomwona kwenye simu, kama aliyeona mgeni, na mafundi wenzake walivyokwisha kupata kazi nzuri kwao. "Kila nikikaa, nahisi kuna mahali nimechelewa."

Mshonaji akasogea karibu na mlango. "Mimi nilihamia hapa na cherehani tu. Mwaka mzima sikutundika pazia. Nilisema nitatundika nikijua kama nakaa."

"Ukajuaje?"

"Sikujua. Jua lilikuwa linanichoma, nikatundika."

Juu kitu kikagongwa kwa nguvu, lifti ikasogea kidogo kidogo, mlango ukafunguliwa. Shati lilikuwa limemganda fundi mgongoni. Waya akaja mbio kwa ngazi.

"Grisi! Gurudumu tulilisahau! Nimelipiga nyundo, nikalitukana, mpaka likaona aibu."

Mshonaji akawatazama wote wawili. "Lipakeni hiyo grisi. Kisha mkate tena umeme, na mimi nikiwemo."

Wakafanya hivyo. Gizani mshonaji alimshika fundi mkono wa shati, akihema. Safari hii gurudumu lilizunguka kama siagi. Alipotoka alijitengeneza kilemba, akawatangazia wapangaji waliojazana kwenye ngazi:

"Inakwama vizuri."

Kufika mchana palikuwa na foleni.

Jioni fundi alimsimulia mkewe yote kwenye simu, hata la gurudumu. Mkewe alicheka. "Shule zikifungwa tutakuja. Kuangalia tu. Usinunue vitanda."

"Sawa."

"Nakujua mimi. Usinunue."

Kesho yake msimamizi wa jengo la jirani akawaita. Njiani fundi akasimama mbele ya karakana ya seremala.

"Shemeji kasemaje?" Waya akauliza.

"Kasema nisinunue."

"Basi twende, tunachelewa."

"Naangalia tu." Akaingia, akauliza bei ya kitanda cha mtoto, akatoka kabla hajajibiwa, akapiga hatua chache barabarani, akarudi ndani.