Askofu Alilala Jikoni

Ndama aliitwa Askofu kwa sababu ya ukosi mweupe shingoni, ingawa alikuwa jike. Alipoanza kuharisha katikati ya baridi ya Juni, Hachipuka alimtoa zizini akamlaza jikoni karibu na moto. Mkewe, Lweendo, aliyekuwa mjamzito, aliuliza kama kesho wangemkaribisha na dume chumbani. Hachipuka alimnyonyesha Askofu kwa vidole vyake, akavifuta kwenye suruali, akaketi kula nshima, ugali wa mahindi.

Ndipo Bina Lweendo, mama mkwe, akaja kutoka mji wa Choma kumtazama binti yake. Hachipuka alimkwepa kama inavyompasa mkwe: mama akiingia mlango wa mbele, yeye alitokea wa nyuma, na maneno yao yote yalipitia kwa Lweendo. Bibi huyo alipenda moto, kwa hiyo alishinda jikoni, akimpapasa ndama kwa mkono uleule aliomegea nshima.

Baada ya siku chache matumbo ya mkwe na mama mkwe yakafunguka. Hachipuka alikimbilia choo chao kimoja cha nyasi, akasikia mama mkwe akikohoa ndani. Aligeuza mbio kuelekea mabua ya mahindi. Aliporudi alikikuta kitupu, akaingia; alipotoka, bibi naye alikuwa nje anahema. Siku nzima wakawa wanapokezana namna hiyo, kila mmoja akitazama pembeni.

Bibi alimtuma Lweendo akamwambie mkwe kwamba amemtilia sumu. Hachipuka alijibu, kupitia kwa Lweendo huyohuyo, kwamba mtu mwenye akili hajilishi sumu yake mwenyewe. Lweendo alichoka, akaenda kumwita Mudenda, daktari wa mifugo.

Mudenda alimwangalia Askofu, kisha akawaangalia watu, akauliza nani analala wapi. Akawaeleza kwamba ni vimelea vidogo vya kwenye kinyesi cha ndama, vinaingia tumboni kwa mikono michafu na maji. Dawa ya klorini wanayotia mtungini haiviui. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, ndama atoke jikoni.

“Nyinyi watu wazima mtapona,” alisema. “Lakini mtoto mchanga akiharisha hivi, mtamzika.”

Hachipuka aliona aibu hadi masikioni. Hata hivyo tumbo halikumpa nafasi ya kujuta. Alijikuta tena nje ya choo.

“Nani hapo?” bibi aliuliza kutoka ndani.

“Mimi, mama.”

“Miaka yote hii tumekwepana nyuso, mkwe wangu. Sasa tunajuana mpaka milio.”

“Mama, nakuomba, usinichekeshe. Nimejibana.”

Bibi alicheka mwenyewe hadi nyasi zikatikisika. Alitoka amejifunika kanga, Hachipuka akakodolea macho udongo.

“Ingia. Ukitoka, sabuni ipo kwenye jiwe. Na huyo Askofu wako akilala jikoni leo, mjukuu wangu atazaliwa Choma.”

Kabla ya jua kuzama Askofu alikuwa na banda lake, lenye majani makavu. Alikonda, lakini akapona, akarudi kupiga mateke.

Mtoto alizaliwa wa kike. Bibi alisimama mlangoni na birika la maji, na hata mchungaji wa kanisa alirudishwa nje akaoshe kucha. Hachipuka alipomaliza kuosha mikono, bibi alimweka mjukuu kifuani pa mkwe wake, huku yeye mwenyewe ameugeukia ukuta wasitazamane.