Nduru Iliyorudi Nyumbani

Neno lilimwingia Kamanthe bombani, siku ya maji, akiwa ameinama kukinga mtungi. Ndila, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Mumbuni, Machakos mjini, alilisema kama mtu anayezungumzia mvua.

"Ati kile kituo cha afya cha Kivaa kimefunga wodi ya kujifungulia. Pesa yote imeenda kwa kujenga lango."

"Umeambiwa na nani?"

"Mama mmoja wa maembe, huko sokoni. Yeye naye aliambiwa na abiria."

Ndila akajitwika mtungi wake, akaenda zake. Neno halikwenda naye. Lilimfuata Kamanthe mpaka kibandani pake pa mboga, likaketi naye kwenye gunia la viazi, na jioni likamfanya atie chumvi mara mbili kwenye muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Kwa maana Kamene, kifungua mimba wake, alikuwa ameolewa huko huko Kivaa, na tumbo lake lilikuwa limeshashuka.

Utauliza, mwenzangu, kwa nini asimpigie mtoto wake simu amuulize. Alimpigia. Lakini kwetu mwanamke mwenye mimba haambiwi mabaya. Ukimshtua mama umemshtua mtoto, ndivyo tulivyolelewa. Basi Kamanthe akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Unakula?"

"Nakula, mwaitu," Kamene akamjibu mama yake.

"Na miguu, imevimba?"

"Kidogo tu."

"Haya. Mungu ni mwema."

Simu ikakatika kabla hajauliza alilotaka.

Sasa pale Mumbuni kulikuwa na grupu la simu, jina lake Mumbuni Tuongee. Lilianzishwa ili watu wajulishane siku ya maji. Maji yakasahaulika, watu wakaongea. Barabara, ushuru, taa za mtaa, nani amekula na nani amelala njaa, yote yalipitia humo, na aliyeamka mapema ndiye aliyeanza kugomba. Kesho yake picha ikaingia: lango la chuma, refu, limefungwa kwa mnyororo na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Chini yake mtu ameandika: Kivaa. Wodi imefungwa. Pesa zetu hizo.

Bartholomew, admini, fundi wa redio mwenye maneno kuliko redio zake, ndiye aliyetangulia.

"Kaunti imejenga lango, sasa wagonjwa walale kwa lango!"

"Hata ng'ombe wangu hana boma zuri hivyo," mwingine akajibu.

Kisha akaingia Kang'ethe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa Murang'a aliyekaa Machakos mpaka Kikamba chake kikaota mizizi.

"Hii picha imepigwa lini? Nani hapa amefika huko kwa miguu yake?"

"Kang'ethe, uza misumari yako," Bartholomew akamjibu. "Ama ni wewe uliyeuza hilo lango?"

Grupu zima likacheka. Kang'ethe akaandika: "Ningeliuza, lingekuwa limenyooka. Lakini nauliza tu. Nani amefika?"

Swali hilo lilimuuma Kamanthe. Aliliona kama dharau. Mtu ambaye hana binti huko atamfundisha nini yeye? Akatupa sukuma wiki chini, akafuta mikono kwa leso, akaandika polepole, herufi baada ya herufi, kama alivyofundishwa shule ya msingi:

"Kang'ethe wewe si wa huku, hutajua. Kina mama, mimi niko na mtoto wangu huko Kivaa, najua ninachosema. Hicho kituo kimefungwa. Msipeleke watoto wenu huko. Lango halikati kitovu."

Akatuma. Wee! Simu ikawaka kama kuni kavu. Vidole gumba, makofi, watu wanaandika, "Sema mama!" Lile neno la mwisho likapendwa kuliko yote. Lango halikati kitovu! Bartholomew akasema liandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa soko. Kamanthe, ambaye maishani mwake hakuwahi kupigiwa makofi ila siku ya harusi, alilala usiku huo akiwa mwepesi kidogo. Alikuwa amepiga nduru, na watu walikuwa wamesikia.

Lakini nduru ya simu ina miguu. Jumapili, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alimshika mkono. "Umesikia ya Kivaa? Kuna mama ana binti huko. Ameona mwenyewe." Siku chache baadaye, mteja aliyekuja kununua vitunguu akamwambia: "Ni kweli kabisa. Mama wa mmoja wa wale wasichana alifika, akafukuzwa langoni na mbwa." Kamanthe akaanza kuhesabu. Alianza na mdomo mmoja, sasa ilikuwa mitatu. Na zaidi, kumbe kulikuwa na mama mwingine, mwenye binti kama wake, aliyefika na kuona! Akaanza kupanga kwenda kumchukua Kamene amlete ajifungulie mjini. Akamwomba Ndila amwangalilie kibanda wiki inayofuata.

Wiki inayofuata haikungoja. Asubuhi moja, jua likianza kupanda, simu ililia. Alikuwa Mama Musembi, mama mkwe wa Kamene. Musembi mwenyewe, mume wa Kamene, yuko kazini Mavoko, hurudi mwisho wa mwezi.

"Mama Kamene, furahi. Uchungu umeanza."

"Asante Yesu! Mko njiani kwenda wapi?"

"Njiani wapi? Tuko nyumbani. Nimemwita Kasiva."

Kasiva alikuwa mkunga wa zamani, bibi aliyeacha kazi hiyo tangu macho yaanze kumsumbua.

"Kasiva? Mbona si kituoni?"

"Kwani wewe huna simu? Kituo kimefungwa! Na kutoka kwetu ni mbali, nani aende bure? Tulisomewa kwenye kikundi cha akina mama, na aliyeandika ni mtu wa Machakos kabisa. Kamene amejua siku nyingi. Alikataa uambiwe, anasema presha yako itapanda."

Kamanthe akashika nguzo ya kibanda. Kumbe mtoto naye alikuwa akimficha mama, kama mama alivyomficha mtoto.

"Mtu gani wa Machakos?"

"Ngoja nikusomee, hapa iko. 'Kina mama, mimi niko na mtoto wangu huko Kivaa, najua ninachosema. Hicho kituo kimefungwa. Msipeleke watoto wenu huko. Lango hali...'"

"...halikati kitovu," Kamanthe akamalizia.

"Ehe! Umeipata pia."

Kamanthe akakaa juu ya gunia. Hapakuwa na mama mwingine. Hapakuwa na binti mwingine. Midomo yote iliyomfuata Ndila ilikuwa mdomo wake mmoja, ikimrudishia maneno yake yakiwa yamevaa nguo mpya.

"Mama Musembi. Huyo mama ni mimi."

"Wewe? Ulikuja huku lini, na hata chai hukunywa kwangu?"

"Sikuja."

"Sasa ulijuaje?"

Kamanthe akabana simu sikioni. Kule nyuma alimsikia Kamene akiguna, mguno mrefu wa mtu anayeshika kitu asianguke.

"Mama Kamene, usinichezee akili leo. Kimefungwa ama hakijafungwa?"

"Sijui," Kamanthe akasema. Na hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilowahi kusema juu ya kituo kile.

Pale kwenye gunia alimkumbuka marehemu mama yake. Mama yake alikuwa akiwaambia: ukipiga nduru, simama pale pale. Usikimbie. Ngoja watu wafike, uwaonyeshe ulichokiona, nyoka au moto au mwizi. Anayepiga nduru akatoweka, siku yake ya kweli hakuna atakayetoka. Na yeye Kamanthe alikuwa amepiga nduru kwa mtaa mzima, akarudi kuuza mboga.

Akabonyeza simu. Kuandika kungechelewa, akatuma sauti:

"Watu wa Mumbuni Tuongee, ni mimi Mama Kamene. Yale ya Kivaa mimi sikuyaona. Nilisikia bombani. Binti yangu ana uchungu saa hii, na anaogopa kwenda kituoni kwa sababu ya maneno yangu mimi. Naomba, kuna mtu yuko Kivaa? Aniambie kama kuko wazi. Si ya kusikia. Ya macho."

Bartholomew akatuma mikono ya maombi. Mwingine akaanza, "Lakini serikali yenyewe..." akaufuta ujumbe. Kisha simu ikalia, na aliyepiga ni Kang'ethe.

"Mama Kamene, pole. Dereva wangu Kiama ameshusha simiti Masinga leo asubuhi. Hapo na Kivaa si mbali, nimemwambia apite. Kaa na simu."

"Kang'ethe, mimi nilikutukana mbele ya watu."

"Ulinitukana vizuri, hata mke wangu alicheka. Kaa na simu."

Wenzangu, kungoja kuna uzito. Wateja walikuja, wakajipimia nyanya wenyewe, wakaacha pesa juu ya meza. Ndila akaja akasimama kando yake, maana yeye naye alijua moto ulitoka kwenye kiberiti gani. Hatimaye sauti ya Kiama ikaingia, imetumwa na Kang'ethe, naye Kamanthe akaifungulia kwa nguvu mpaka watu waliokuwa kwa kinyozi jirani wakatoka nje:

"Bosi, niko hapa. Hili lango la mbele ni kweli limefungwa na mnyororo, bado wanajenga, kuna mchanga na kokoto. Lakini watu wanapitia nyuma, kando ya mahindi. Nimeingia. Hapa naona kina mama wamekaa, kuna..." Sauti ya mwanamke ikamkatiza: "Wewe baba! Unatafuta nani kwa wodi ya kina mama na viatu vya simiti? Toka!" Na nyuma ya sauti hiyo, kitoto kichanga kikalia, kikali, kama kinachodai haki yake.

Ndila akaanza kulia na kucheka pamoja. Kamanthe alikuwa ameshampigia Mama Musembi kwa simu ya Ndila, akaziweka simu mbili mdomo kwa sikio. Mama Musembi akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo nesi namjua," akasema. "Hiyo ni sauti yake ya kufukuza watu. Mwambie huyo dereva aje atuchukue."

Kiama akaenda na pikapu. Kamene alikaa mbele, mama mkwe akamshika, na Kasiva mkunga akapanda nyuma juu ya magunia matupu, kwa maana alisema hawezi kuachwa na sherehe. Jua halijafika utosini, mtoto wa kike akazaliwa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nesi alikitegua kwa vidole viwili, mtoto akalia. Bibi Kasiva, alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Hiyo, kwa macho haya yangu, ningeshindwa." Maneno hayo Kamanthe aliyasikia kwa simu, na mpaka leo akiyakumbuka huacha anachofanya.

Kang'ethe aliandika kwenye grupu: "Mwiteni Mlango wa Nyuma." Bartholomew akajibu kwamba jina hilo limeshachukuliwa na wanasiasa. Watu wakacheka, na Kamanthe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maji.

Lakini hadithi ina mkia. Kamene alipopigiwa simu jioni, mama yake hakumuuliza kama anakula. Alimuuliza: "Huko ndani umeona nini? Niambie yote, mazuri na mabaya." Kamene akasema wauguzi ni wakali lakini wanajua kazi, shuka ni safi, na glovu hakuna. Mama Musembi alilazimika kumtuma Kiama duka la dawa akanunue.

Kwa hiyo swali lilikuwa la kweli tangu mwanzo, ila lilikuwa limevaa uongo. Kwa nini lango kabla ya glovu? Bartholomew alitaka kulianzisha tena kwa kelele. Kang'ethe akasema, "Polepole. Safari hii tuna mtu aliyeona." Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kilikuwa kinakaribia. Kamene mwenyewe akapiga picha za mlango wa nyuma, kokoto na rafu tupu ya glovu, na chini ya kila picha akaweka jina lake na siku aliyoipiga. Wakaenda watu wa Mumbuni, si wengi, Kamanthe akiwa amevaa gauni la kanisani. Bartholomew alisukumwa asimame, akasema la, asimame Mama Kamene.

Akasimama. Alisema binti yake ameona hivi na hivi, na picha hizi hapa, na yeye anaomba kujua kipi kilipangwa kwanza na kwa nini. Hakutukana mtu. Afisa aliyekuwa mezani hakumcheka. Aliuliza jina la kituo mara ya pili, akaandika, akasema atafuatilia. Watu husema hivyo, na Kamanthe alirudi nyumbani bila kutarajia sana. Lakini Kamene alipompeleka mtoto chanjo, alituma picha nyingine: maboksi ya glovu, yamepangana rafuni. Lango bado halijaisha. Watauliza tena.

Kamanthe bado huuza mboga, na bado yumo grupuni. Wanawake wenye mabinti mbali wakija kibandani na simu mkononi na hofu usoni, huwapa kiti, kisha huwaambia mambo ya kuepuka. Ni haya:

Usiseme "najua" kama umesikia tu. Sema "nimesikia".

Usitume picha ambayo hujui nani aliipiga, wapi na lini.

Usihesabu midomo. Midomo kumi yaweza kuwa mmoja, na huo mmoja waweza kuwa wako.

Usimwambie mtu asiende hospitali kama wewe hujafika hapo.

Usimcheke anayeuliza "nani ameona?"

Usimtukane mtu kwa alikozaliwa. Hujui gari litakalombeba mtoto wako ni la nani.

Usimfiche mwenye mimba swali ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake.

Usipige nduru ukaondoka.