Mizani ya Mkono wa Ngumbao

Mafundi wa Mtongwe wana sheria moja tu ambayo wote huiheshimu, wenye swala tano na wenye kuswali Idi kwa Idi: kipuri bandia hakirudishwi dukani. Huvunjwa hadharani kwa nyundo, asije akauziwa mwingine akafa nacho. Na hakimu wa sheria hiyo, kwa miaka thelathini, alikuwa mkono wa kulia wa Ngumbao. Diski ya breki ikiletwa, huiinua, hufumba macho kama asikilizaye mawaidha, kisha hutoa hukumu. Nzito ni halisi. Nyepesi ni bandia, imeyeyushwa kutoka kwa masufuria ya watu. Rufaa haikuwapo.

Lakini hakimu naye hula. Malori yalikuwa yamehamia kwingine, na Ngumbao alikuwa amemaliza miezi mitano akipima hewa. Ndipo Mwangi, mwenye gereji ya magari ya kasi huko Changamwe, alipompa siku moja ya majaribio: afungue diski za mbele za gari moja, azikague, azirudishe. Akifaulu, kazi ni yake. Asipofaulu, basi, alikuwa na miaka hamsini na sita, na gereji nyingine zote hazikuwa hata zimemjibu salamu.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, fupi, limeinama kama lililosujudu. Mwangi alikuwa ametoka kwenda bandarini. Aliyebaki ni Velma, mtunza stoo.

"Hili lina nguvu kushinda malori mawili, mzee," alisema Velma. "Likikimbia, kivuli chake hulifuata na teksi."

"Basi breki zake zitakuwa nzito kama dhambi," akajibu Ngumbao.

Akafungua gurudumu, akalegeza diski. Kwa kuwa alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, alipanua miguu, akajaza kifua pumzi, akapiga bismillahi, akaivuta kwa nguvu zote alizoona kitu kama kile kinastahili.

Diski ikaja kama sinia ambalo pilau yake imekwisha liwa. Ngumbao akaenda nayo kinyumenyume hatua tatu, akaketi ndani ya beseni la oili chafu.

Velma alicheka hadi akashika ukuta. Ngumbao hakucheka. Alikaa mle mle ndani ya beseni, akafumba macho, akapima. Akapima tena. Akatoa sumaku mfukoni, haikushika. Akatafuta kutu, hakuna hata chembe, na chuma kisichopata kutu Mombasa bado hakijazaliwa.

"Mwenye gari katapeliwa," akasema kwa huzuni. "Nipe nyundo kubwa."

"Mzee, si ungengoja Mwangi arudi?"

"Mwanangu, hii ikirudi dukani leo, kesho kuna matanga. Utanisaidia kuchimba kaburi?"

Velma aliingia stoo. Alileta nyundo.

Pigo la tatu lilitosha. Diski ilivunjika kama mtungi, vipande vyeusi vikatawanyika hadi mlangoni, na mlangoni palikuwa na viatu vya Mwangi.

Mwangi alivitazama vipande. Kisha akachuchumaa, akaokota kimoja.

"Hii ni kauri, mzee. Kauri na kaboni. Imetengenezwa nyepesi makusudi. Huo wepesi ndio bei yake."

"Bandia ni nyepesi na halisi ni nyepesi? Fundi atazijuaje?"

"Zina namba. Namba inaingizwa kwa kompyuta. Hakuna mtu anapima na mkono siku hizi."

"Wallahi, nilitaka kumwokoa mwenye gari."

"Najua," alisema Mwangi. "Enda nyumbani, mzee."

Hakupiga kelele. Angefoka ingekuwa afadhali, maana anayefokewa angalau anasubiriwa kesho.

Habari zilifika Mtongwe kabla yake. Mafundi walimpokea kama aliyerudi Hija. Tsuma, aliyejifunza breki kwake, alimpangusia kiti kwa kofia.

"Umefanya haki, mwalimu! Diski nyepesi hivyo, halisi ya wapi?"

"Hao wa Changamwe wanaendesha masufuria!" mwingine akadakia, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Ngumbao alitaka kuwaambia. Lakini aliona nyuso zao zilivyofurahi, akanywa kahawa.

Tsuma akamwekea mkononi diski ya pikapu iliyonunuliwa asubuhi ile. Wakanyamaza wote, kama ilivyo desturi. Ngumbao aliinua, akafumba macho, akangoja. Ilikuwa nzito. Au nyepesi. Ilikuwa na uzito fulani.

"Halisi, mwalimu?"

"Sijui," akasema Ngumbao.

Wakacheka tena, wakapigana mabega, wakasema mzee leo ana mizaha. Kisha Tsuma, akiwa bado anacheka, akaichukua diski akaenda kuifunga.