Kidole Gumba cha Kushoto

Miaka ishirini na saba nimepiga chapa River Road, na vidole vyangu vimelainika kama kipande cha sabuni. Wino, karatasi na thina ya kusafishia mashine vimekula kila mstari. Nikienda kusajiliwa popote, mashine inakataa kunitambua, na karani ananitazama kana kwamba nimeiba mikono ya mtu.

Ndiyo maana binti yangu Debra alinichagua. Kazi yake ni kulinganisha alama za vidole, lakini bila cheti cha wataalamu hawezi kusimama kortini akasema neno likakubaliwa. Alikuwa ameanguka mara mbili, na hakuna nafasi ya nne. Kila mtahiniwa huja na mtu mwenye vidole vigumu kusomeka, achukue alama zake kumi, kisha aeleze kila kovu lilisababishwa na nini.

Wenzangu kazini walinicheka. "Mzee Zedekiah, si umchapishie tu hiyo cheti? Hapa River Road ni dakika kumi!" Niliwafukuza na rula. Mtoto wangu hatafuti karatasi.

Kwa wiki mbili alinikataza thina. Kila jioni, nyumbani Kangemi, alinipaka mafuta kidole kimoja kimoja, huku akinigombeza kama mama yangu. Nilijifanya nimechoshwa. Ukweli ni kwamba nilizingoja jioni hizo.

Siku ya mtihani, katika ukumbi mmoja mjini, alipaka wino kidogo sana. Mtu wa wino ni mimi, nikashindwa kunyamaza.

"Ongeza kidogo."

"Baba, tulia. Legeza mkono."

Vidole tisa vilitoka safi hata nikashangaa. Kikabaki kidole gumba cha kushoto. Debra alikigandamiza kwenye kadi, akainamia alama yake na lenzi, akakawia.

"Hii kovu si ulisema ulibanwa na mlango?" aliuliza polepole.

"Ni mlango."

"Mlango huponda, Baba. Hii imekatwa, tena straight."

Akaandika. Mtahini, Bwana Mwololo, akaja akasoma juu ya bega lake: kisu cha mashine ya kukata karatasi.

"Mzee," akaniuliza, "ni kweli?"

Uongo wangu ulikuwa na miaka kumi na nne, na nilikuwa nimeutunza vizuri. Nilimtazama Debra. Nikishikilia mlango wangu, ameanguka.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa nimeunganisha zamu mbili, nikasinzia kwa mashine. Huyu alikuwa ameingia form one."

Bwana Mwololo alinitazama kidogo, akamtazama Debra, kisha akatia sahihi chini ya kadi. "Umepita," akasema, akaenda meza nyingine.

"Mbona hukuniambia?" Debra aliuliza.

"Ungeacha shule. Nakujua, kichwa ngumu."

"Nimetoa wapi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alichukua kitambaa, akaanza kunifuta wino. Vile vidole tisa alivipitia haraka. Kile gumba alikishika kwa mikono miwili, akakifuta, akakifuta tena. Wino ulikuwa umeshatoka zamani. Sikumwambia.