Kipete cha Reino Lahti

Mikono ya nyuma ya trekta ilikuwa inashuka yenyewe. Haikuanguka kwa kishindo. Iliteremka taratibu, kama muumini anayesinzia katikati ya mahubiri, na mashine nzito ya kurusha theluji iliyofungwa juu yake ikateremka nayo mpaka ikalala sakafuni. Reino Lahti alisimama ghalani akiitazama, mikono yake imezama mifukoni.

"Mwongo wewe," aliiambia trekta. "Umepandishwa vizuri, unashuka nini?"

Nyuma yake, mlangoni, binti yake Aila alikuwa amejikunyata ndani ya koti. Alikuwa amekuja kutoka mji wa Green Bay, anakoishi, Jumatatu ile, na tangu afike alikuwa akifungasha vyombo vya marehemu mama yake kwenye maboksi.

"Itatengenezeka kabla ya Jumamosi, Baba?"

"Kila kitu hutengenezeka."

"Maana wale watu wa Chicago wanakuja Jumamosi. Dalali kawaambia nyumba inauzwa pamoja na trekta na mashine yake ya theluji. Yule bwana kasema bila hiyo hainunui. Njia yetu ni ndefu mno, atafungiwa ndani mpaka mwezi wa nne."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Tafadhali, Baba. Nakuomba."

Reino aliinama akachungulia chini ya trekta. Nyumba ilikuwa imeandikwa jina la Aila tangu mama yake alipougua, na wakati ule jambo hilo lilionekana la busara. Sasa busara hiyo ilikuwa imemtafutia Reino chumba kwenye ghorofa ya tano huko Green Bay, karibu na lifti, mahali ambapo mtu haruhusiwi hata kuwasha jiko la kuni. Baba yake ndiye aliyekata miti na kujenga ghala hili. Sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke kando ya kijito, aliijenga Reino mwenyewe mwaka aliooa. Alikuwa amekwisha kusema kwamba haondoki, mara moja tu, na Aila alilia. Kurudia ingekuwa kuomba, na yeye hakuwa mtu wa kuomba.

Lakini kuikataa kazi hakuweza. Upande wote ule wa Michigan ya juu, kuanzia ziwani hadi kwenye migodi iliyofungwa, mtu ambaye trekta yake ndogo imepoteza nguvu za kunyanyua aliileta kwa Reino. Na ghala lake lilikuwa na sheria. Kazi ikiisha, mzigo unanyanyuliwa juu kabisa, injini inazimwa, kisha watu wote wanaingia ndani kunywa kahawa na kula nisu, ule mkate mtamu wa iliki. Wakirudi, mzigo ukiwa umeshuka hata upana wa kidole, trekta haitoki. Kwa miaka mingi hakuna iliyowahi kuzuiwa.

Jumatano alianza. Alimwaga mafuta ya haidroliki, yakatoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, maana unyevu wa vipupwe vingi ulikuwa umeingia ndani na kuchanganyika nayo. Akatoa chujio akaliosha. Akang'oa kiti, akafungua boliti za kifuniko kilicho chini yake, na alikuwa anakinyanyua kwa mnyororo alipoingia jirani yake Eino Saari, mwenye kofia ya manyoya msimu wowote.

"Hujafa bado?" Eino aliuliza.

"Nakusubiri wewe utangulie. Mkubwa kwanza."

"Mkubwa kwa miezi miwili tu, bwana! Na bado nanyanyua kuni zangu mwenyewe."

"Nimeziona. Vijiti vya kuchokolea meno."

Eino akacheka, akashika mnyororo, wakakiweka kifuniko mezani. Kisha kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo unaitengeneza kweli," alisema. "Ili wao wanunue."

"Naitengeneza kwa sababu imeharibika."

"Mimi ningeiacha hivyohivyo."

"Ndiyo maana watu hawakuletei trekta."

Eino alipoondoka, Reino aliisukuma nje pistoni inayoinyanyua ile mikono ya trekta. Kosa lilionekana mara moja: kile kipete cha mpira kinachoizunguka, ambacho mafundi hukiita oringi, kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama kucha. Kazi ya kipete hicho ni kuyazuia mafuta yanayobeba mzigo yasipenye pembeni. Kikichoka, mafuta hupenya, na mzigo hushuka. Kitu chembamba kuliko penseli ndicho kinachoubeba uzito wote.

Alivaa miwani, akafuta kila mahali kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akakipaka mafuta kipete kipya na kukivisha. Ikabaki sehemu ambayo wanafunzi wote huikosea. Mdomo wa silinda, mle pistoni inamoingia, una ukingo mkali. Ukiisukuma pistoni kwa pupa, ukingo huo hunyoa ukanda mwembamba wa mpira, na husikii wala huoni. Unafunga kila kitu, unajisifu, na mzigo unashuka vilevile. Reino alikuwa amewafokea vijana wengi kwa kosa hilo. Yeye alikibembeleza kipete kwa vidole gumba, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kikaingia bila manung'uniko.

Alhamisi alimaliza. Aila alikuwa mjini kwa dalali. Reino akainyanyua mashine ya theluji hadi juu, akazima injini, akaingia ndani akanywa kahawa peke yake, polepole, akajimiminia na ya pili kwa makusudi. Aliporudi mashine ilikuwa palepale. Alipima kwa kidole, akapima kwa jicho. Haikushuka hata unywele.

Akafurahi. Furaha ya namna hiyo ilikuwa haijamtembelea tangu mazishi ya mkewe. Alisimama akiipapasa trekta ubavuni kama ng'ombe aliyezaa salama, na alikuwa bado anaipapasa fahamu zilipomrudia: alikuwa amejitengenezea njia safi ya kwenda Green Bay, kwa mikono yake, na kwa ustadi.

Aila alirudi jioni akauliza, "Vipi?"

"Bado kidogo," alisema Reino.

Ijumaa Aila alipokwenda tena mjini kununua siagi na iliki, Reino alikifungua kifuniko upya. Safari hii hakumwita Eino. Alikinyanyua mwenyewe, mgongo ukalia. Akaitoa pistoni. Kisu chake cha kupasulia samaki kilikuwa kwenye ala ukutani. Alikishika, akachagua mahali kwenye kile kipete kipya, akakichanja mkato mdogo wa mshazari pembeni. Mkono haukutetemeka. Maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi mbovu, na sasa aliifanya kwa uangalifu uleule wa kazi nzuri. Akafunga, akaosha mikono, na kwenye chakula cha jioni hakumtazama binti yake usoni.

Bwana na Bibi Whitcomb walifika Jumamosi asubuhi, wamevaa buti mpya. Walikuwa watu wapole, na hilo lilimuudhi Reino zaidi. Waliitazama sauna, wakaugusa ukuta wa magogo, wakamsikiliza alipozungumza. Eino naye alitokea bila kualikwa.

Ghalani Reino akawasha injini, akaipandisha mashine ya theluji juu kabisa, akazima.

"Sasa kahawa," alisema.

"Hiyo ndiyo desturi hapa, bwana," Eino alimweleza mgeni, akimsukuma kwa upole kuelekea nyumbani. "Tunakunywa, tunarudi. Ukikuta imeshuka hata unywele, mimi narudi kwangu kinyumenyume hadi mlangoni. Huyu unayemwona hapa hajawahi kukosea. Hajawahi! Mwaka mmoja nilimletea yangu, nikamwambia, Reino, ifunge tu hivyohivyo, nina haraka. Alininyima ufunguo!"

"Kunywa kahawa yako, Eino," alisema Reino.

Aila alikuwa amekata nisu vipande vinene. Alikuwa akitabasamu, na alimwongezea baba yake siagi bila kuulizwa. "Baba ndiye fundi wa upande huu wote," alimwambia Bibi Whitcomb. Alisema kwa fahari ya kweli. Reino alikisogeza kipande chake cha nisu kando ya sahani.

Waliporudi ghalani, mashine ya theluji ilikuwa imelala sakafuni.

Eino alivua kofia yake, akaigeuza, akatazama ndani yake kana kwamba amepoteza kitu humo.

"Basi ndiyo hivyo," Reino alisema, akimgeukia Whitcomb. Sauti yake ilikuwa imara. "Haifai. Na bila hii huwezi kuishi hapa. Theluji yetu hufika madirishani. Nakwambia mapema, ili usije ukalia baadaye."

Whitcomb akatabasamu. "Mzee Lahti, usijisumbue hata kidogo. Mwanzoni nilifikiri tutakaa mwaka mzima, ndiyo maana nilimbana dalali. Lakini tumezungumza njiani. Tutakuja majira ya joto tu. Mwezi wa tisa tunafunga maji, tunafunga mlango, na theluji ijae inavyotaka."

"Nyumba ikae baridi?" Reino aliuliza. "Kipupwe kizima? Bila moto?"

"Na hii trekta ni nzuri sana," alisema Bibi Whitcomb. "Nitaiweka pale langoni. Ile ndoo yake kubwa ya kuzolea iliyo mbele naweza kuijaza udongo, nikapanda maua."

Kisha mumewe akampa Aila mkono, na Aila akaupokea. Whitcomb alipopita karibu na Reino alimwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, kiungwana kabisa: "Baba yangu alikuwa seremala. Siku moja mikono ilikataa. Hakuna aibu, mzee."

Gari lao lilipopotea kwenye kona, Reino alisema, "Niliikata mimi."

Aila akageuka. "Ulikata nini?"

"Oringi. Jana, kwa kisu. Alhamisi ilikuwa imeshika, nilikunywa kahawa mbili ikashika."

Aila alimtazama Eino, na Eino akamtazama Aila.

"Baba, si lazima."

"Si lazima nini?"

"Kujieleza. Hakuna anayekulaumu. Umeshatengeneza za kutosha maishani."

"Nawaonyesha." Tayari alikuwa ameshika spana. "Simameni hapohapo. Nawaonyesha."

Eino alimsaidia mnyororo bila mzaha wowote, na Reino alipouona ukimya huo akazidi kufungua kwa haraka. Aliitoa pistoni, akakivua kipete, akakipeleka dirishani penye mwanga. Hapo ndipo alipoona. Presha ya mafuta ilikuwa imeukamata ule mkato wake mdogo, ikauchana. Ukanda mrefu mwembamba ulikuwa unaning'inia, umenyolewa pembeni. Kipete kilikuwa sawasawa na vile vyote alivyowahi kuwarushia vijana miguuni huku akiwaita vipofu.

Eino alikipokea, akakizungusha. Hata yeye alilijua kosa hilo. Alikuwa amelisikia likifokewa ghalani humu mara nyingi.

"Ukingo umekinyoa," alisema taratibu. "Wakati wa kuingiza. Humtokea mtu yeyote, Reino."

"Ni kisu! Tazama pale kinapoanzia. Tazama, wewe!"

"Naona. Naona, rafiki yangu."

Lakini hakuwa anakitazama kipete. Alikuwa anaitazama mikono ya Reino.

"Green Bay kuna daktari mzuri," Aila alisema. "Siku hizi kuna dawa za mikono ya namna hiyo. Tutakwenda pamoja."

"Mikono yangu haina kitu!" Reino aliinyoosha mbele yao yote miwili, vidole vimetanuliwa, ili waione ilivyotulia. Na kwa hasira iliyokuwa imempanda, mbele ya macho yao, ikatetemeka kama majani.

Aila akaishika, akaibana katikati ya mikono yake kana kwamba anaipasha moto. Nyuma yao Eino alianza kuokota spana moja baada ya nyingine na kuzirudisha sandukuni.