Kofia Nyeupe ya Mtoto wa Watu

Mama alikuwa amekwisha kuivua ile kofia nyeupe kichwani mwa mtoto wa watu na kuificha ndani ya kitenge chake kabla sijajua kwamba ametoka kando yangu. Juu ya uwanja wa maonyesho ya ndege, ndege za jeshi zilipita zimebanana bawa kwa bawa, na ngurumo ikaja nyuma yao ikatutikisa vifua. Mama wa mtoto, Mzungu aliyeketi kwenye blanketi, akapiga kelele.

Kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, ndege ikisikika, kazi ya watoto ilikuwa kuondoa vyeupe: shuka kwenye kamba, sahani kwenye uchanja, hata gauni la komunyo. Rubani huona cheupe kwanza. Mama alitufundisha hivyo kabla ya kutufundisha kusali. Tulipofika Minnesota, Marekani, alijifungia katika nyumba yetu ya kupanga Brooklyn Park, akisikiliza dari. Mimi ndiye niliyembembeleza atoke, kiangazi kile cha 2017. Keziah, Mkenya niliyefanya naye kazi ya kutunza wazee, alikuwa na gari.

"Mwambie ni picnic," alisema. "Ukitaja ndege, huyo hatoki."

Nikamwambia ni pikiniki.

Sasa askari wa uwanja alikuwa anakuja, na Mama, aliyeogopa kila mwenye sare, hakukimbia. Alimfunika mtoto kwa mwili wake.

"Uwineza!" aliniita. "Waambie walale chini! Waambie kwa Kiingereza chao!"

Kiingereza nilikuwa nacho. Sentensi moja ingetosha: kwetu ndege huua. Lakini watu walikuwa wametugeukia, na mimi tangu utotoni nikitazamwa ulimi hukauka. Tena, na hili ndilo linaloniuma, ndege mbili zilikuwa zinarudi, moja imelala chali juu ya nyingine, moshi ukichora anga nyuma yao. Nikainua macho. Nikatabasamu. Sikuwa nimejua kwamba chuma kinaweza kucheza.

Keziah ndiye aliyesema. Alizungusha kidole kando ya kichwa chake, akamchekea askari: "Msimjali huyu mama, akili zimeruka kidogo." Kofia ikarudishwa. Askari akampapasa Mama bega kama mtu anayemtuliza ng'ombe, na watu wakarudisha macho juu.

"Nimekuokolea mamako," Keziah aliniambia, "na wewe umesimama tu hapo kama mlingoti! Si ungesema hata kitu?"

Garini Mama alikaa nyuma, kitenge kimejaa nyasi. Kile kidole hakikuhitaji mkalimani.

"Ulikuwa unaziangalia," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Zilikuwa nzuri?"

Ningeweza kudanganya, asubuhi nilikuwa nimeweza.

"Zilikuwa nzuri."

Alitazama nje muda mrefu, maghala na maegesho yakipita. "Basi ni mimi sikuona vizuri," alisema.

Siku hizi, ndege za abiria zikipita juu ya nyumba yetu, hajifichi tena. Huacha alichoshika, akanigeukia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Hiyo nayo ni nzuri?"

"Nzuri, Mama."

Naye huketi, mikono magotini, macho kwangu, mpaka ipite.