Mkono Uliokataa Kulegea

Sijawahi kumwona mgonjwa aliyehuzunishwa na kupona kama Mzee Mughwai.

Mkono wake wa kulia ulivunjwa na baba yangu, Alute, kwenye ngoma ya fimbo hapa Mgori. Mfupa uliunga, lakini mshipa wa fahamu ulikufa. Kiganja kikaning'inia, vidole vikajikunja kama vya mtoto aliyelala. Baraza la jumbe likaamua baba alime shamba la Mughwai mpaka mkono huo uinuke. Wazee walidhani wametoa hukumu ya msimu mmoja. Baba akalima miaka. Mtama wa Mughwai ulirefuka, wetu ukasongwa na magugu, na mwenye shamba akakaa kivulini akimwonyesha baba kwa mkono wa kushoto palipobaki.

Kisha hospitali ya misheni nilikofanya uuguzi ikapata daktari mpasuaji, Mwingereza. Baba ndiye aliyembembeleza Mughwai aende. Baba ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akamsukuma njia nzima. Daktari alichukua misuli miwili iliyo hai upande wa ndani wa mkono, akahamishia kano zake upande wa nyuma. Mmoja uinue kiganja. Mwingine, uliozoea kukunja kiganja, sasa ufungue vidole. Mimi nikapewa kuifundisha misuli hiyo kazi yake mpya.

"Baba mkubwa, fanya kama unakunja kiganja."

"Nikunje ili vidole vifunguke? Dorkas, shule imekuharibu."

"Kunja tu."

Akakunja. Vidole vikafunguka. Akavitazama kama watoza kodi waliobisha hodi.

Alirudi nyumbani mvua zilipoanza. Nilipokuja likizo wakati wa palizi, nilimkuta baba shambani kwa Mughwai, mgongo umepinda.

"Upasuaji haukufaa," baba aliniambia. "Maskini, mkono wake umelala vilevile, hata kuutoa nje ya mgolole anaona aibu. Mungu hakupenda."

"Mungu asisingiziwe," nilisema, nikaenda barazani.

Mughwai alikuwa amekaa mbele, karibu na jumbe, amejifunika mgolole wake na uso wa msiba. Nilipiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Waambie wenzako wa hospitali mkono umekufa kabisa."

"Pole sana. Hebu uonyeshe wazee ulivyolegea."

Sasa, mkono uliokufa hauhitaji msaada, huning'inia wenyewe. Lakini kano za Mughwai zilikuwa zimekazwa nyuma, na akiuacha mkono huru haulegei. Ilimbidi akikunje kiganja kwa makusudi. Akautoa nje ya mgolole, akakunja kwa nguvu zake zote. Vidole vikanyooka, vikatawanyika kama vya mchungaji anayebariki harusi.

"Mzee," Gabrieli, kinyozi wetu, alisema kutoka nyuma, "mbona maiti yako inatupungia?"

Watu wakaangua kicheko. Mughwai akaingiwa na hofu, akazidi kukunja. Vidole vikazidi kunyooka.

Habari za wodini sikutaja hata moja. Vidole vyake vilisema.

Jumbe alimfungua baba hapo hapo. Kisha akanigeukia mimi.

"Lakini wewe, binti, umemvua mzee nguo mbele za watu. Muombe radhi."

Mughwai akainua kidevu. Heshima yake ilipona haraka kuliko mkono wake. Alikuwa amedanganya baraza zima na kumlimisha mtu bure, wala hakuna aliyemwambia aombe chochote. Mimi nilikuwa nimesema shikamoo.

Baba, aliyefika mbio na jembe bado begani, akaninong'oneza, "Mwanangu, ni neno tu. Mkono wenyewe niliuvunja mimi."

"Na wewe umelipa, baba. Mimi sidaiwi."

"Dorkas," jumbe akasema, "baraza linasubiri."

"Lisisubiri," nilisema. "Siombi radhi."